Ubongo si sufuria la mchuzi

Itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika 45, na wanaonijua wanajua kwamba kwangu hizo huishia kwenye utangulizi, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Dalili za sonona, huu ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, sitazisoma hapa. Wauguzi mnazo vichwani, walimu mmeziona darasani, na wengine wetu tumeishi nazo nyumba moja. Nimekuja kugombana na sentensi moja tu, ambayo nimeshagombana nayo redioni, kwenye semina, na hata kwenye foleni ya chakula harusini: "Sonona ni upungufu wa serotonini," yaani kemikali moja ya ubongo.

Sentensi hiyo imeenea kwa sababu inaeleweka haraka. Ubongo unageuka sufuria la mchuzi. Mchuzi umepooza? Ongeza chumvi. Chumvi ni kidonge. Mgonjwa anaridhika, ndugu wanaridhika, duka la dawa linauza. Halafu mtu anakuja kwangu: "Daktari, naomba unipime serotonini nijue imebaki kiasi gani." Ndugu yangu, kipimo hicho hakipo. Narudia kwa ajili ya wale wa nyuma wanaopiga soga: hakuna maabara, si hapa, si India, si Ujerumani, inayoweza kuchukua damu yako ikakuambia kwamba una sonona kwa sababu serotonini ya kichwani imepungua. Sehemu kubwa kabisa ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo, na hiyo ya kwenye damu haina habari za kichwani.

Na ile mashine ya kwenye maonyesho, ile unayoshika kishikio cha chuma kwa dakika moja halafu printa inatema kurasa za magonjwa yako yote kuanzia ini hadi ubongo, hiyo msinichokoze. Kuna mzee aliniletea karatasi yake. Ubongo umechoka, figo zina mafuta, na mfuko wa uzazi uko salama. Mzee wa miaka sabini na kitu, ana ndevu mpaka hapa.

Tuendelee. Hadithi ya chumvi ilianzia kwenye kifua kikuu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, Staten Island, New York, walikuwa wakijaribu dawa mpya ya TB inayoitwa iproniazidi. Watu waliokuwa wamelala wakisubiri kufa wakaanza kula, kutaniana, hata kucheza muziki wodini. Baadaye ikajulikana kwamba dawa ile inazuia mwili kuvunjavunja kemikali kadhaa za ubongo, serotonini ikiwemo. Watu wakaruka hadi mwisho: kama kuiongeza kunaleta nafuu, basi ugonjwa ni upungufu wake. Hebu tulieni hapo. Kwamba dawa imepandisha kitu fulani na mtu akapata nafuu, hilo halithibitishi kwamba kitu hicho ndicho kilichokuwa kimepungua.

Na kuna jambo la muda, ambalo kila muuguzi humu analijua. Fluoksetini, dawa ya sonona iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1987, inagusa serotonini ndani ya saa chache baada ya kumezwa. Nafuu inakuja lini? Wiki mbili, nne, wengine sita. Kama ni chumvi, mbona mchuzi unakolea mwezi ujao? Katika wiki hizo kuna kazi nyingine inafanyika, kazi ya seli kubadilisha namna zinavyoungana na kuitikiana. Mwaka 2022 watafiti wa London wakiongozwa na Joanna Moncrieff walikusanya tafiti zilizokuwepo, wakasema hawakuona ushahidi unaoeleweka kwamba wagonjwa wa sonona wana serotonini pungufu. Magazeti yakalipuka: "Dawa za sonona ni uongo!" Jamani. Hilo ni jambo jingine kabisa. Dawa zinawasaidia watu wengi. Tulichokosea ni maelezo ya kwa nini zinasaidia.

Najua kuna mtu hapa, pengine watatu, wanaomeza fluoksetini au amitriptilini, na sasa hivi wanaanza kuwaza kuziacha. Usiache. Ukiziacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukavurugika, ukaona kama cheche za umeme zinapita kichwani, na utasema ni daktari wa mhadharani alikutuma. Sikukutuma.

Sasa kama si chumvi, ni nini?

Kuna daktari wa neva anaitwa Helen Mayberg. Wanafunzi wangu wakisikia jina hili huangaliana, wanajua kipindi kimekwisha. Potelea mbali. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha utafiti ambao mimi ningependa uningʼinizwe ukutani kila kliniki. Waliwachukua watu wenye afya njema, wakamwomba kila mmoja akumbuke jambo lake la huzuni kuu, msiba au kuachwa, aliwaze mpaka huzuni imjae kweli. Hapohapo wakapiga picha za PET, zinazoonyesha damu inakimbilia wapi ndani ya ubongo. Kuna sehemu ndogo iko ndani sana, katikati, nyuma ya paji la uso kwa chini. Mjerumani Korbinian Brodmann alipochora ramani ya gamba la ubongo, lile tabaka lake la nje, mwaka 1909, sehemu hiyo aliipa namba 25. Basi huzuni ilipoingia, eneo la 25 likapanda. Na wakati huohuo gamba la mbele kwa upande wa juu, lile tunalolitumia kupanga, kuamua na kushikilia jambo akilini, likashuka.

Kisha wakawaangalia wagonjwa wa sonona waliokuwa wamepona kwa matibabu. Picha imegeuka: eneo la 25 limeshuka, gamba la mbele limepanda.

Nataka mlione hili vizuri kabla sijaendelea. Hapa hakuna sehemu "iliyoharibika". Kuna sehemu mbili zinazovutana, moja ikipanda nyingine inashuka. Kwako wewe na mimi, siku ya msiba, eneo la 25 linapanda, tunalia, hatuwezi kujumlisha hata hesabu ya michango, na hiyo ni sawa kabisa. Arobaini inapita, linashuka, tunarudi kazini. Kwa mgonjwa wa sonona mvutano huo umekwama upande mmoja. Huzuni inaweza kuwa imekuja na sababu yake au bila sababu yoyote, lakini njia ya kurudi imeziba.

Na eneo la 25 halikai peke yake. Lina nyuzi za neva za kwenda hipothalamasi na shina la ubongo, ambako usingizi, njaa na hamu ya tendo la ndoa hupangwa. Lina nyuzi za kwenda amigdala, inayopima hatari, na hipokampasi, yenye shughuli za kumbukumbu. Lina nyuzi za kwenda insula, inayosikiliza hali ya mwili kutoka ndani, na nyingine za kwenda kwenye niukliasi akambensi, penye saketi ya hamu, yaani mzunguko wa nyuzi unaokufanya uone kitu na kutaka kukifuata. Ndiyo maana mgonjwa anakuja na malalamiko yanayoonekana hayana undugu: anaamka saa tisa usiku, chakula hakina ladha, mgongo unauma, anasahau, mke au mume analalamika, na mpira aliokuwa anaufia hautazami tena. Zahanati inampa dawa ya mgongo, halafu ya malaria, halafu ya tumbo. Mganga wa jirani anamwambia amerogwa na shemeji. Wote wameona vipande. Vipande hivyo vina nyuzi zinazopita mahali pamoja.

Niliwahi kuwa na mgonjwa, mwalimu wa hisabati. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Mkewe alimleta akasema, "Daktari, huyu ameingiwa na uvivu ukubwani." Nikamwomba mama anieleze asubuhi moja, ya juzi au jana, ilivyokwenda. Akasema: nilimwacha ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja ameshavaa, nyingine ameishika. Nikaweka chai ya maziwa mezani, nikaenda sokoni. Nimerudi baada ya saa mbili, chai imeweka utando, soksi iko palepale mkononi. Nikamgeukia mwalimu: ulikuwa unawaza nini? Akachukua muda mrefu kujibu, kisha akasema taratibu: "Nilikuwa najua inatakiwa niivae. Najua na namna ya kuivaa. Lakini kati ya kujua na mkono, hakuna kitu kinachopita."

Mtu huyu hajawahi kufungua kitabu cha neva, na ameeleza saketi kunishinda mimi mwenye digrii.

Sasa huyo unamwambia "jikaze"? Nawauliza wenye tabia hiyo, na mmo, na wengine mmevaa majoho ya dini. Kujikaza ni kazi. Inafanywa na gamba la mbele, lilelile lililoshuka. Unamwambia mtu atumie kifaa ambacho ndicho kilichozimwa. Shehe wangu pale anatikisa kichwa, sijui anakubali au ananiombea.

Haya, twende Toronto. Hapa ndipo ninapopapenda.

Mwaka 2003 Mayberg na daktari wa upasuaji wa ubongo Andres Lozano walijiuliza: kama eneo la 25 limekwama juu, tukilishusha kwa umeme, itakuwaje? Lozano alikuwa na uzoefu wa kutia elektrodi, yaani waya za kupitisha umeme, kwenye ubongo wa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, kwa hiyo ufundi ulikuwepo. Walipata wagonjwa 6 ambao kila kitu kilikuwa kimeshindikana kwao. Vidonge vya kila aina wamemeza, ushauri wamepata, wengine wamefanyiwa hata tiba ya umeme unaopitishwa kichwani kwa nje.

Upasuaji wenyewe unafanyika mgonjwa yuko macho. Kichwa kimefungwa kwenye fremu, kimepigwa ganzi kwenye ngozi tu, kwa sababu ubongo wenyewe hausikii maumivu. Fuvu linatobolewa matundu mawili, kushoto na kulia. Waya mwembamba unashushwa taratibu mpaka kando ya eneo la 25, na ncha ya kila waya ina vituo 4 vinavyoweza kuwashwa kimoja kimoja. Wanawasha cha kwanza. Unahisi nini? Hakuna. Wanawasha cha pili. Hakuna. Wanabadilisha, wanaongeza nguvu kidogo. Halafu wanafika kwenye kituo fulani na mgonjwa, mwenyewe, anaanza kusema mambo. Utulivu umekuja ghafla. Mwili umekuwa mwepesi. Ule utupu umeondoka. Chumba kimekuwa na mwanga zaidi, rangi zinaonekana. Wakizima, mambo yale yanaondoka. Wakiwasha, yanarudi. Wagonjwa wote 6 walieleza kitu cha namna hiyo, kila mmoja kwa maneno yake.

Wale wa chumvi, niambieni: ni chumvi gani inayokolea kwa sekunde na kutoka ukizima swichi?

Baada ya hapo betri inawekwa chini ya ngozi ya kifua, umeme unakwenda mchana na usiku. Miezi 6 baadaye, 4 kati ya wale 6 walikuwa na nafuu kubwa, na picha za PET zilionyesha eneo la 25, lililokuwa juu kabla ya upasuaji, limeshuka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Mimi huyu nilipoyasoma kwa mara ya kwanza nilitembea kuzunguka meza.

Naona mikono. Najua swali, huwa ni lilelile: "Daktari, si ndiyo yaleyale ya zamani ya kukata watu ubongo?" Swali zuri, na historia yenyewe ni ya aibu. Mwaka 1935 Egas Moniz wa Ureno alianza kukata nyuzi za gamba la mbele kwa wagonjwa wa akili, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Nobeli! Walter Freeman wa Marekani akaichukua, akawa anapitisha chuma juu ya jicho na kukoroga, anatoka hospitali hii anaingia ile. Maelfu walibaki hawana hisia, hawana utashi. Ukinionyesha daktari wa akili ambaye haoni haya kwa habari hiyo, nitakuonyesha mtu wa kumkimbia. Lakini tofauti ipo. Kilichokatwa hakiungwi. Elektrodi inazimwa, inapunguzwa, inatolewa. Na wagonjwa wa Toronto waliulizwa, wakakubali, wakawa wanazungumza na daktari wakati inawashwa. Hatari haijaisha, maana fuvu ni fuvu na damu ni damu, maambukizi yapo. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayempeleka mgonjwa huko kabla hajajaribu mengine yote.

Na kabla hamjauza kiwanja mkapasuliwe, sikilizeni kilichofuata. Kampuni ya vifaa ilifanya jaribio kubwa nchini Marekani. Wagonjwa 90 walitiwa elektrodi, wengine zikawashwa, wapatao theluthi mbili, waliobaki zikaachwa zimezimwa, bila wenyewe kujua. Baada ya miezi 6 hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Jaribio likasitishwa mapema, matokeo yakatoka mwaka 2017. Wenye kucheka walicheka: tuliwaambia! Lakini baadaye elektrodi za wote ziliwashwa, wakaendelea kufuatiliwa, na kufikia miaka miwili karibu nusu yao walikuwa na nafuu kubwa. Watu ambao kwa kawaida hawapati nafuu kwa lolote. Kwa hiyo kulikuwa na kitu, ila walikuwa wanakilenga vibaya.

Walilenga wapi vibaya? Walikuwa wanalenga eneo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Marekani, Mayberg akiwa miongoni mwao, walirudi kwa wagonjwa waliopona na kufuatilia, kwa picha za MRI, elektrodi zao zilikuwa zinagusa nyuzi zipi. Wakakuta kwamba waliopona ni wale ambao umeme wao uliangukia mahali vifungu vinne vya nyuzi vinapokutana: kimoja kinavuka kwenda gamba la mbele la kushoto na kulia, kimoja kinakwenda kwenye sehemu ya ubongo iliyo pembeni, usawa wa sikio, na amigdala, kimoja kinafuata ukanda wa katikati, na kimoja kinashuka kwenye saketi ya hamu. Ambao hawakupona, umeme wao haukuvigusa vyote. Walipoanza kumpimia kila mgonjwa nyuzi zake mwenyewe kabla ya kumpasua, kati ya wagonjwa 11, 9 walikuwa na nafuu kubwa mwaka mmoja baadaye. Kundi dogo, ndiyo. Lakini linganisheni na yale ya kubahatisha.

Ndilo ninalolipigia kelele miaka yote. Ukitibu kipande, unakosa. Ugonjwa upo kwenye mawasiliano ya vipande.

Mwaka 2023 wakaongeza jingine. Wagonjwa 10, elektrodi zinazoweza kusikiliza huku zinachochea. Wiki 24 baadaye, 9 walikuwa na nafuu kubwa, na 7 kati yao dalili zilikuwa zimeondoka. Na kutokana na mawimbi ya umeme yaliyorekodiwa ndani kabisa ya ubongo, programu ya kompyuta iliweza kutofautisha hali ya ugonjwa na hali ya kupona. Hata nyuso zilibadilika kwenye video. Kwa mgonjwa mmoja aliyezama tena, ishara hiyo ilikuwa imeshabadilika wiki kadhaa kabla ya watu kugundua kwamba anarudi nyuma. Mama anayeuguza mtu wa sonona anajua maana ya hilo. Kila siku anakisia: leo amenyamaza kwa sababu amechoka, au inaanza tena?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeona, mwenyekiti.

Basi nitapita mbio. Sumaku. Mwaka 1985 Anthony Barker wa Sheffield, Uingereza, alionyesha kwamba sumaku inayowashwa na kuzimwa haraka juu ya fuvu inaamsha seli zilizo chini yake, bila kisu wala ganzi. Marekani iliidhinisha kwa sonona mwaka 2008. Sumaku haifiki eneo la 25, liko ndani mno. Inawekwa juu ya gamba la mbele la kushoto, na mwaka 2012 Michael Fox na wenzake walionyesha kwamba inafanya kazi vizuri zaidi ikiwekwa juu ya pale panapovutana na eneo la 25, kinyume kwa kinyume. Mnaiona? Mlango mwingine, chumba kilekile. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakaibana tiba ya wiki sita iwe ya siku 5, vikao 10 kwa siku, na ikaidhinishwa mwaka 2022.

Tiba ya umeme, ile iliyoanzia Roma mwaka 1938 ambayo sinema zimeichafua: siku hizi mtu analazwa usingizi, analegezwa misuli, hatupi miguu wala hapigi kelele. Kwa sonona kali, mtu ameacha kula na kunywa, bado ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Inasahaulisha baadhi ya mambo, ni kweli, na mgonjwa aambiwe kabla.

Ketamini, dawa ya usingizi. Wauguzi wa chumba cha upasuaji mnatabasamu, mnaitumia kila siku. Dozi ndogo inaweza kuinua mtu ndani ya saa chache, kwa njia isiyoanzia kwenye serotonini kabisa, na ndugu yake wa kupuliza puani aliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Nilikuwa na slaidi sita za ketamini. Nazifunga. Ila asitokee mtu akaitafuta mtaani.

Slaidi za sheria nazo nazifunga, kule ambako mtu aliyejaribu kujiua anapelekwa polisi kabla ya hospitali. Nikianza hapo hatutoki.

Swali ambalo siwezi kuliruka ni hili la "Daktari, haya ni ya wenye mashine, sisi je?" Kwanza, mashine haimpimi mtu mmoja mmoja. Hakuna MRI leo, hata Stanford, inayoweza kusoma ubongo wako peke yako na kutoa cheti cha sonona. Picha nilizozieleza ni za wastani wa makundi, au za kumlengea mgonjwa ambaye ugonjwa wake ulishajulikana kwa maswali na kusikilizwa. Maswali hayo muuguzi wa zahanati anaweza kuyauliza. Akishuku kitu kingine, tezi ya shingo au uvimbe, hapo ndipo vipimo vinaingia.

Pili, mazungumzo nayo yanaingia kwenye saketi. Hili wasomi wa vidonge huliona kama la huruma tu, kama sadaka. Mwaka 2013 kundi la Emory, tena na Mayberg, walipiga picha za PET kabla ya matibabu, kisha wakagawa wagonjwa: wengine kidonge, wengine tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra. Waliopona kwa mazungumzo walianza na insula ya kulia iliyo chini. Waliopona kwa kidonge walianza nayo ikiwa juu. Yaani kuna mtu ambaye kwake mazungumzo ndiyo dawa, na kidonge hakimfikii, na kinyume chake. Bado hatuwezi kuitumia kliniki, lakini tuache kumwambia aliyeshindwa na dawa ya kwanza kwamba hana imani au hamezi vizuri.

Na kwa kuwa imani imetajwa, Mchungaji, usiwe na wasiwasi, sikupigi. Mwaka 2002 Mayberg aliwalinganisha waliopona kwa fluoksetini na waliopona kwa kidonge kisicho na dawa ndani. Wote, hata wale wa kidonge kitupu, eneo la 25 lilishuka na gamba la mbele likapanda. Matumaini yanapita kwenye nyuzi. Waliopewa dawa halisi walikuwa na mabadiliko ya ziada, kwenye shina la ubongo na hipokampasi, ambayo wengine hawakuyapata. Kwa hiyo omba naye. Kaa naye. Halafu mlete. Unachonikera nacho ni pale unapomwambia aache dawa ili kuonyesha imani.

Dakika mbili, mwenyekiti, namalizia Uganda. Hapo jirani tu, Rakai na Masaka, vijiji 30, utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Ukimwi ulikuwa umezika nusu ya ukoo wa watu. Hakukuwa na mashine wala kidonge. Waliwachukua watu wa kawaida wa palepale, wanaojua lugha ya pale, wasio madaktari, wakawafundisha kwa wiki mbili namna ya kuongoza kikundi. Wanaume kwao, wanawake kwao. Mara moja kwa wiki, dakika 90, wiki 16. Mazungumzo hayakuwa ya kubembelezana. Yalikuwa ya mambo machache tu: aliyefiwa, aliyegombana na mtu wake, na ambaye maisha yamembadilikia. Kila wiki: umefanya nini tangu tulipokutana, na hali yako imekuwaje. Karibu wote walianza wakiwa na sonona kamili. Mwishoni, kwenye vijiji vyenye vikundi waliobaki nayo walikuwa asilimia 6.5. Kwenye vijiji visivyo na vikundi, asilimia 54.7. Wakarudi miezi 6 baadaye, nafuu bado ipo.

Hakuna aliyewapiga picha za ubongo, na mimi sitawazulia. Lakini mtu aliyeamka alfajiri akaenda shambani, wiki 16 baada ya kushindwa kutoka kitandani, kuna kitu kimeanza kupita tena kati ya kujua na mkono. Kikundi kama hicho kinahitaji mti, watu wanane na kiongozi aliyefundishwa. Halmashauri yetu ina miti.

Maswali sasa. Dada wa kilemba cha kijani, nilikuona tangu mwanzo. Na wale mliokuwa mmepanga kuacha vidonge, msitoke kabla hamjaniona.